Kwa Nini Bado Tunaiita Simu

Najua nimepotea. Mara ya mwisho kuandika hapa niliahidi sehemu ya pili ya somo la hifadhidata, na wale mnaoisubiri mnisamehe, itakuja. Kilichonipoteza nitakieleza huko chini kwa sababu kinahusiana na mada ya leo. Kwanza swali.

Unaposema unampigia mtu simu, unapiga nini?

Swali si langu, ni la mpwa wangu mwenye miaka 6. Alikuwa ananitazama nikigusa kioo kwa kidole gumba halafu nikaweka simu sikioni. Akauliza, "Mjomba, mbona umesema unapiga na hujapiga?" Nikakosa jibu. Mtu aliyekaa chuo miaka minne akisoma sayansi ya kompyuta hapendi kukosa jibu mbele ya mtoto wa chekechea, basi usiku ule nikaanza kuchimba, na nilichokipata kimenikalia kichwani hadi leo.

Neno simu tumelipata kutoka Kiajemi. Kwao sim ni fedha, yaani yale madini, na pia ni waya. Kwa hiyo kila siku tunakiita waya kifaa ambacho hakina waya. Wazee waliotutangulia walilitumia neno kwa haki kabisa. Simu ya maandishi ilikuwa telegramu. Ilipokuja telefoni wakaiita simu ya mdomo. Yalipokuja mawasiliano ya redio wakasema simu ya upepo, jina ambalo kwangu mimi ni zuri kuliko majina yote tuliyobuni baadaye. Na mtu wa telegrafu alikuwa anapiga kweli: mbele yake palikuwa na kitufe cha shaba, akikigonga mpigo mfupi na mpigo mrefu, herufi moja baada ya nyingine. (Sisemi kitenzi kilianzia hapo. Kiswahili hupiga kila kitu: pasi, picha, mswaki, kura, soga. Lakini kwa simu ya kwanza kitenzi kiliketi mahali pake.)

Sasa waya wenyewe ulifikaje kwetu?

Januari 22, 1879, jeshi la Uingereza lilishindwa vibaya na Wazulu pale Isandlwana, kusini mwa Afrika. London haikupata habari hadi Februari 11. Karibu wiki 3. Waya wa telegrafu haukuwa umefika kusini mwa Afrika, kwa hiyo habari ilipanda meli kwanza hadi mahali penye waya, ndipo ikapigwa. Serikali iliyojiona inatawala nusu ya dunia ikajikuta haijui kama jeshi lake lipo au halipo. Kazi ya kulaza kebo upande wa mashariki wa Afrika ikaharakishwa, na kabla mwaka ule haujaisha waya ulikuwa umetoka Aden, ukafika Zanzibar, ukaendelea Msumbiji hadi Durban. Kampuni iliyoulaza iliitwa Eastern and South African Telegraph Company.

Hebu fikiria Zanzibar ya Sayyid Barghash kabla ya mwaka ule. Habari zilifuata pepo. Kaskazi ikivuma majahazi yanashuka kutoka Arabuni na barua na uvumi, kusi ikianza yanarudi. Mtu aliyetaka kujua ndugu yake wa Maskati yu hali gani alisubiri msimu. Meli za moshi zilikuwa zimepunguza kusubiri huko lakini hazikukuondoa. Halafu ghafla kuna chumba kimoja Mji Mkongwe ambamo mtu anagonga kitufe na Aden inasikia. Jumba la watu wa kebo pale Shangani lipo hadi leo, siku hizi ni hoteli.

Mwaka 1890 kebo nyingine ikalazwa kutoka Zanzibar hadi Mombasa. Mwaka 1896 reli ikaanza kujengwa kutoka Mombasa kwenda bara, na waya wa telegrafu ukaifuata pembeni, nguzo baada ya nguzo, Voi, Nairobi mwaka 1899, hadi Kisumu mwishoni mwa 1901. Na hapa kuna kisa ambacho vitabu vya shule hukipitia kwa haraka. Katika nchi ya Wanandi waya ule ulikuwa ukikatwa na kubebwa. Shaba ilifanywa mapambo, na bolti za reli zikaishia kuwa silaha. Waingereza waliandika kwamba ni wizi. Ukisimama upande wa pili unaona jambo jingine: mtu amepitisha waya juu ya ardhi yako bila kukuuliza, waya ambao kazi yake mojawapo ni kuita askari wakujie haraka zaidi. Upinzani wa Wanandi ulidumu miaka kama 10 hadi Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei alipouawa katika mkutano ulioitwa wa amani.

Nakitaja kisa hiki mapema kwa sababu siku hizi kuna watu wengi, hasa wa fani yangu, wanaohubiri kwamba mabadiliko yakija yapokee tu, anayekataa ni mshamba. Si kila anayekata waya ni mshamba. Wengine wanajua vizuri sana waya ule umekuja kufanya nini.

Tuwaache Wanandi kidogo twende Marekani, kwa sababu mwaka huo huo wa 1879, kebo ikiwa inalazwa kwetu, kule ilikuwa inapiganwa vita ya aina nyingine. Western Union ilikuwa ndiyo kampuni kubwa ya telegrafu. Kampuni ya Bell ilikuwa changa na kitu chake kipya, simu ya mdomo. Western Union walijaribu kuingia katika telefoni, wakashtakiwa kwa ajili ya hataza, na Novemba 1879 wakakubaliana kujitoa. Telefoni wakaiachia Bell, wao wakabaki na telegramu. Kwa hiyo Zanzibar ilipokuwa inaunganishwa na teknolojia mpya kabisa, mwenye teknolojia ile huko ilikozaliwa alikuwa tayari ametia sahihi ya kupitwa. Jambo hili hutupata mara nyingi sana: sisi tunakata utepe, wenzetu wanafunga duka.

Lakini Western Union haikufa. Tangu 1871 walikuwa na kazi ndogo ya pembeni, kutuma pesa kwa waya. Telegramu yao ya mwisho ilipokelewa Januari 27, 2006, na siku hiyo kampuni haikutetemeka hata kidogo, kwa sababu ile kazi ya pembeni ilikuwa imekuwa ndiyo kampuni. Likumbukeni hili, nitalirudia tukifika kwenye kibanda.

Wanaoandika programu, subirini kidogo, hapa ni petu. Telegrafu haikuondoka bila kuacha vitu ndani ya kompyuta zetu. Émile Baudot, fundi wa telegrafu Mfaransa, alisajili mwaka 1874 msimbo wa biti 5 kwa kila herufi, na kipimo cha baud kimepata jina kwake. Mwaka 1901 Donald Murray akaurekebisha msimbo ule kwa ajili ya mashine za kuchapa, akaongeza amri mbili: moja ya kurudisha kichwa cha kuchapisha mwanzo wa mstari, nyingine ya kupandisha karatasi mstari mmoja. Leo karatasi haipo, kichwa cha kuchapisha hakipo, lakini faili ya maandishi iliyotengenezwa kwenye Windows kwa kawaida inamaliza kila mstari kwa amri zote mbili, \r na \n, na iliyotengenezwa kwenye Linux inatosheka na moja. Kama umewahi kupoteza mchana mzima kwa sababu skripti inakataa kukimbia na kosa halionekani, pengine ulikuwa unapigana na mashine ya kuchapa ya mwaka 1901. Mimi nimepoteza mchana huo. Mara mbili. Katika ASCII namba 7 ni kengele, iliyokuwa ikigongwa ili opereta wa teleprinta ajue kuna ujumbe unaingia. Na kwenye Linux terminali yako inaitwa tty hadi kesho, kifupi cha teletype, mashine ambayo sijawahi kuiona kwa macho.

Turudi nyumbani. Miaka ya ukoloni na ya mwanzo wa uhuru nitaipita haraka. Posta na simu zilikuwa za pamoja kwa nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 kila nchi ikachukua nguzo zake. Kenya ilikuwa tayari na kituo cha setilaiti pale Longonot tangu 1970. Ikaja KP&TC, na mwaka 1999 nayo ikagawanywa, barua kivyake, simu kivyake, msimamizi kivyake. Mzazi wako anaweza kukusimulia habari za opereta: unainua mkono wa simu, unaomba mji, unataja namba yenye tarakimu mbili au tatu, unasubiri. Na telegramu ilikuwa ikitozwa kwa neno, ndiyo maana zilikuwa fupi na ndiyo maana zilikuwa zinaogopwa. Mtu wa Posta akisimama mlangoni na karatasi ile, watu walianza kulia kabla haijafunguliwa.

Mwaka 2000 ndipo Wakenya wa kawaida walipoanza kuziona simu za mkononi, Safaricom upande mmoja na KenCell upande mwingine. KenCell ikawa Celtel mwaka 2004. Celtel ikawa Zain mwaka 2008. Zain ikawa Airtel mwaka 2010. Majina manne ndani ya miaka 10, na mtu mwenye namba yake ya 0733 aliendelea kupigiwa na shangazi zake kana kwamba hakuna kilichotokea. Katika fani yetu tunatenganisha kile anachokiona mtumiaji na kile kinachofanyika nyuma ya pazia. Ukifanya kazi vizuri unaweza kubomoa kila kitu nyuma na mtu wa mbele asijue. Sijaona mfano mzuri wa jambo hilo kuliko namba ya 0733.

Sasa kibanda.

Baba yangu mdogo alifungua kibanda cha simu ya jamii pale Voi mwaka 2002. Simu yenyewe ilikuwa kubwa ya mezani, lakini ndani ilikuwa na laini ya mkononi, na antena ndogo nyuma. Ilikaa juu ya kitambaa cha mshono alichofuma mama mdogo. Ukutani fundi wa rangi aliandika SIMU kwa herufi nyekundu zilizoonekana hadi stendi ya magari. Mimi nilikuwa mtoto, na nilipofika miaka 7 nikapewa kazi: kushika saa. Mteja akipokelewa upande wa pili nabonyeza, dakika ikikaribia kwisha nainua kidole.

Niliyoyasikia pale hayasahauliki. Kibanda hakikuwa na mlango, mteja alisimama na foleni nzima ikimsikiliza. Mahari zimejadiliwa pale. Misiba imetangazwa pale. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akimpigia mume wake Mombasa kila Jumamosi, na aliandika kiganjani kwa kalamu ya wino mambo ya kusema, ili asipoteze sekunde: karo, dawa, ng'ombe, lini. Maneno manne. Nilipokuja kusoma habari za telegramu, nilimkumbuka yeye mara moja. Hakuna aliyemfundisha. Ukitozwa kwa dakika unakuwa mshairi kwa lazima.

Kufikia 2007 foleni ilikuwa imepungua. Watu walikuwa wananunua simu zao wenyewe, hata za mitumba zilizofungwa kwa raba. Yule mama wa Jumamosi alikuja siku moja akasimama pale pale pa siku zote, akatoa simu yake kwenye kanga, akaomba kadi ya kukwaruza. Alikuwa na furaha sana. Alitaka sote tuione. Baba Mdogo aliitazama, akaisifu, akampa kadi. Mtu mzima akaanza kupunguza bei ya dakika. Akaipunguza tena. Akaongeza benchi ili wateja wakae. Kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi alipigana namna hiyo, na sikuelewa wakati ule kwamba nilikuwa naangalia mtu akifanya hesabu ambayo jibu lake analijua.

Machi 2007 M-Pesa ilikuwa imeanza. Baba Mdogo hakuiamini. Alisema pesa isiyoshikika ni pesa ya mganga. Mwaka 2009 akawa wakala. Simu ya mezani ikaondolewa, pahali pake pakakaa daftari kubwa la miamala, lile ambalo mteja anatia sahihi. Hapa ndipo nataka mkumbuke Western Union. Kampuni ya telegrafu ya Marekani iliponyanyaswa na telefoni, ilikuja kuokolewa na kazi ya kutuma pesa. Mwenye kibanda cha simu Voi aliponyanyaswa na simu za mkononi, naye aliokolewa na kazi ya kutuma pesa. Hakuwa amesoma habari zao. Ni kwamba watu walio mbali na nyumbani wana mahitaji mawili tu, kuzungumza na kutuma, na moja likikatika unamkuta mtu kwenye lingine.

Mwaka huo huo wa 2009, mwezi wa Juni, kebo ya TEAMS kutoka Fujairah ilipokewa Mombasa, Rais Kibaki akiwapo, na Julai SEACOM ikaanza kazi. Miaka 130 tangu ule waya wa Aden, na njia inakaribia kufanana: kutoka Uarabuni, chini ya bahari, hadi pwani yetu. Kabla ya hapo intaneti yetu ilikuwa ikipanda setilaiti, ghali na ya kuchelewa. Kwa hiyo simu ya upepo ilikuwa imerudi kuwa waya, safari hii wa kioo. Na waya wa kioo nao hukatika. Mei 2024 kebo mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na wiki ile nilikuwa nafanya kazi usiku wa manane kwa sababu ndipo intaneti ilipokuwa inapumua.

Kuhusu jina, kulikuwa na jitihada za kulibadilisha. Shule zilitufundisha rununu. Tulifundishwa pia rukono, na arafa kwa ujumbe mfupi, na tarakilishi. Nilipata alama nzuri kwa maneno hayo katika insha. Kisha nikitoka darasani nikamwuliza mwenzangu kama ana simu. Tarakilishi bado napenda kuiandika, lakini sijawahi kumsikia fundi akisema tarakilishi yangu imekufa. Walimu walitaka kitu kipya kipewe neno jipya, jambo la busara kabisa, na mtaa ukaamua kwamba neno la zamani linatosha, likubali tu kubeba mzigo mwingine. Simu imebeba waya wa shaba, mdomo, upepo, mkono, na sasa benki, kamera na tochi.

Nilisema nitaeleza kilichonipoteza.

Kwa miaka 3 kazi yangu kubwa ilikuwa kutengeneza menyu za USSD, zile za nyota na reli, ambazo mtu hubonyeza hata kwenye simu ya katululu isiyo na intaneti. Niliipenda kazi hiyo kwa sababu ilimfikia yule mama wa kanga. Mwezi wa Machi tuliitwa kwenye mkutano. Timu ilikuwa ya watu 8, tukaambiwa wanne wanatosha, kwa kuwa zana za akili bandia sasa zinaandika sehemu kubwa ya msimbo tuliokuwa tunauandika kwa mkono. Na wateja wa mradi wangu walikuwa wanahamia kwenye programu ya simu za kisasa, kwa hiyo menyu zifungwe. Mimi ni mmoja wa wanne waliobaki. Nikapewa jukumu la kufuta. Mistari karibu 11,000, amri moja, kisha dirisha la kuuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo. Msimbo bado umo kwenye historia ya git, hakuna kinachopotea kabisa huko, lakini mnajua na ninajua kwamba hakuna atakayeufungua.

Baada ya hapo sikuweza kuandika kitu. Si hapa, si kazini. Nilikuwa nafungua kihariri, naitazama ile zana ikijaza mstari kabla sijaufikiria, nakubali, naendelea. Kazi ilikuwa inakwenda haraka kuliko zamani. Nilikuwa najihisi kama mshika saa ambaye mteja amenunua saa yake.

Nikachukua likizo nikapanda treni hadi Voi. (Treni mpya, ya 2017. Ile ya zamani iliyojengewa waya pembeni iliacha kubeba abiria kwenda Mombasa mwaka huo huo. Sikuipanda hata mara moja, na hilo najuta.) Baba Mdogo bado ana kibanda. Uwakala umepungua kwa sababu watu wanalipa dukani moja kwa moja, hawatoi pesa taslimu kama zamani. Siku hizi ana kompyuta na printa, anawajazia watu fomu za eCitizen na ushuru, na anachapisha picha za pasipoti. Nilimweleza habari ya kazini. Nilitegemea, nadhani, aniambie kwamba mambo hubadilika na mtu ajipange.

Hakusema hivyo. Aliuliza wale wenzangu wanne wako wapi. Nikamwambia mmoja amepata kazi, wengine bado. Akauliza kama nimewapigia. Nilikuwa sijawapigia. Akanyamaza. Kisha akasema, "Siku niliyoitoa ile simu mezani sikula. Mama yako mdogo anajua. Nilikaa nyuma ya kibanda mpaka giza."

Nikamwuliza kwa nini basi aliitoa.

"Ulitaka nimuuzie nani dakika?"

Tukachapisha picha za pasipoti za mtu. Nilimsaidia kurekebisha printa iliyokuwa inameza karatasi. Jioni wakati wa kufunga akanionyesha sanduku chini ya meza, ndani yake ile simu, imefungwa kwenye kitambaa kile kile cha mshono, betri imevimba. Nikamwambia betri iliyovimba ni hatari, aitupe. Betri akakubali nikaitoa. Simu akairudisha sandukuni.

Niliwapigia wenzangu wanne nikiwa kwenye treni ya kurudi. Mmoja alikuwa na hasira nami na ana haki. Wawili tumekubaliana kukutana Jumamosi kuona kama zile menyu zinaweza kufanyiwa ushirika mmoja wa wakulima ambao wanachama wake wengi wanatumia simu za katululu. Huenda ikawa kazi, huenda isiwe.

Mpwa wangu nilimletea jibu lake. Nilimweleza habari za kitufe cha shaba, mpigo mfupi na mpigo mrefu, nikamgongea jina lake kwenye meza kwa kijiko. Alipenda sana, akagonga meza kwa siku mbili hadi dada akanilaumu. Lakini hakuridhika. Anasema kwa kuwa siku hizi hatugongi, tuseme kugusa. Nimemwambia ampigie babu yake wa Voi amwambie, "Babu, nimekugusia simu," atuletee jibu.

Hifadhidata, sehemu ya pili, wiki ijayo. Safari hii kweli.